Epoksi ya Sakafu, Kuanzia Same Mjini hadi Milimani Upare

Epoksi ni mpako mgumu unaotokana na vimiminika viwili ambavyo huchanganywa muda mfupi kabla ya kupakwa juu ya zege, na ambavyo, vikishaungana, haviwezi tena kurudi kuwa maji maji wala kuyeyushwa kwa mafuta ya taa. Kwa sababu mpako huo hauna maungio kama ya marumaru, haunywi mafuta ya gari na hufutika kwa tambara, umepata nafasi katika maabara, maghala, gereji, vyumba vya upasuaji na viwanda vya vyakula, na kutoka huko umeanza kuhamia sebuleni na dukani. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuuchagua na kuupaka katika wilaya ya Same na Milima ya Upare, ambako fundi anaweza asubuhi kukutana na sakafu ya tambarare iliyokaushwa na jua na upepo, na jioni ya siku hiyo hiyo akawa mbele ya sakafu ya mlimani inayoloweshwa na ukungu, ilhali kopo alilobeba ni lile lile na maelekezo yaliyobandikwa juu yake hayataji Same ya tambarare wala Mbaga ya mlimani.

Kinachoamua kama mpako wa epoksi utadumu ni hali ya zege lililo chini yake, maji yaliyomo ndani ya zege hilo, na saa ya siku ambayo kazi inafanyika. Rangi, mng'ao na jina lililoandikwa kwenye kopo huja baadaye sana, ingawa ndivyo vitu ambavyo mnunuzi huulizwa kwanza anapofika dukani.

Sakafu za Upare zimepita hatua kadhaa kabla ya kufika hapa. Sakafu ya asili ilikuwa udongo ulioshindiliwa na kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe, na ilihitaji kurudiwa mara kwa mara kwa mikono ya wenye nyumba. Saruji ilipoenea likaja jamvi la zege lililomaliziwa kwa niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa kwa maji na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae, mara nyingi ikiwa imetiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta. Niru iliyopigwa vizuri ni fahari ya fundi, na nyumba nyingi za Same bado zinaitegemea. Hata hivyo, kwa kazi ya epoksi niru ni kizuizi, kwa kuwa ni ngozi nyembamba na laini mno ambayo haina vitundu vya kuushika mpako, na mara nyingi yenyewe imeshikamana kwa ulegevu na zege lililo chini. Nta ya miaka mingi huzidisha tatizo. Mpako ukiwekwa juu ya niru hushikana na niru, na niru inapobanduka hubanduka pamoja na mpako wote, na lawama ikaenda kwa kopo lisilo na kosa.

Ili kuelewa kwa nini mpako huu hausamehe uzembe, inafaa kuijua asili yake. Kemia ya epoksi ilianza kuandikiwa hataza katika miaka ya 1930 na watu kama Paul Schlack wa Ujerumani na Pierre Castan wa Uswisi, ikaendelezwa Marekani na Sylvan Greenlee, na kuanzia mwaka 1946 kampuni ya Ciba ya Uswisi ikauza gundi ya epoksi kwa jina la Araldite. Kopo la kwanza lina resini, kimiminika kizito chenye molekuli ambazo ncha zake zina pete ndogo ya atomu tatu iliyokazwa na iliyo tayari kufunguka. Kopo la pili lina kigumisho, ambacho mafundi wengi hukiita hadina, na ndani yake mna kemikali za jamii ya amini zinazozifungua pete hizo na kujifunga nazo, hadi molekuli zote za sakafu nzima zinakuwa kama wavu mmoja. Muungano huo hutoa joto lake wenyewe, na hufuata hesabu kamili, kwa sababu kila ncha ya resini inahitaji mwenzake katika kigumisho.

Hapo ndipo mazoea ya kazi nyingine yanapoleta hasara. Fundi aliyezoea puti ya bodi za magari anajua kwamba akiongeza hadina kidogo puti hukauka haraka, na kwa puti anasema kweli, kwa kuwa puti hiyo ni ya poliesta na hadina yake ni kichocheo tu kinachoanzisha kazi. Katika epoksi hadina ni sehemu ya kitu chenyewe. Ikizidi, molekuli za amini zilizokosa mwenza hubaki zikielea ndani ya mpako na kuufanya unate kwa muda mrefu au uwe dhaifu. Ikipungua, ni resini inayobaki bila kukomaa. Uwiano ulioandikwa, uwe wa vipimo viwili kwa kimoja au mwingine wowote, hufuatwa kama ulivyo, na huangaliwa kama umetajwa kwa ujazo au kwa uzito, maana vimiminika hivyo viwili havilingani uzito. Asiye na mizani iliyo sahihi atumie makopo mazima yaliyopimwa kiwandani, na asigawe nusu nusu kwa kukadiria kwa macho.

Baada ya kopo lifuate zege. Saruji haikauki kama udongo ukaukavyo juani, bali hukomaa kwa kuungana na maji, na kwa hiyo zege lililomwagwa leo linahitaji kuwekwa unyevu kwa siku 7 au zaidi, kwa kumwagiliwa, kufunikwa kwa magunia mabichi au kwa nailoni. Katika Same hili si jambo dogo. Mji uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, upande ambao milima inaukinga na mvua, na mvua yake ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 tu, wakati vilele vya Shengena katika milima hiyo, vinavyofika mita 2,462, vinapata mvua kubwa zaidi ya hiyo. Kwa miaka mingi maji ya Same yalikuwa ya kununua kwa ndoo, na mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025. Ni rahisi kuelewa kwa nini familia iliyokuwa inahesabu ndoo za kupikia haikumwagilia zege kwa juma zima. Matokeo yake ni kwamba sakafu nyingi za tambarare zina uso uliokauka kabla ya kukomaa: ukipitishwa ufagio hutoa vumbi la kijivu kila siku, na ukikwaruzwa kwa msumari huchimbika.

Mwenye sakafu ya namna hiyo ndiye anayeitamani epoksi kuliko mtu mwingine, kwa kuwa amechoshwa na vumbi, na ndiye aliye katika hatari kubwa ya kupoteza fedha zake. Epoksi inapokomaa hujikaza na kuvuta zege kwa nguvu, na kiwango kinachotakiwa na watengenezaji wengi ni kwamba uso wa zege uweze kuvutwa kwa nguvu ya newtoni 1.5 kwa kila milimita ya mraba bila kung'oka. Uso wa vumbi haufiki hapo. Lazima usagwe mpaka zege gumu lenye kokoto lionekane, na ikiwa zege gumu halionekani hata baada ya kusagwa kwa milimita kadhaa, basi kazi inayotakiwa ni kumwaga sakafu upya, na fundi mwaminifu atasema hivyo hata kama kwa kusema atakosa kazi ya kupaka.

Udongo nao una neno lake. Makanya, kusini mwa Same mjini kando ya barabara kuu, huchimbwa jasi ambayo imekuwa ikipelekwa katika viwanda vya saruji, kwa kuwa saruji husagwa pamoja na kiasi kidogo cha jasi ili isigande haraka mno. Kiasi hicho kidogo ni rafiki wa saruji. Jasi iliyo ardhini ni jambo jingine: inapoyeyuka katika maji na kupenya kwenye zege, salfeti iliyomo huungana na saruji iliyokwisha komaa na kuunda fuwele zinazovimba, na zege hupasuka polepole kutoka ndani. Chumvi nyingine za udongo mkavu hupanda na unyevu na kuacha unga mweupe juu ya sakafu. Anayeuona unga huo asiufute na kupaka, kwa sababu unga mweupe ni ushahidi kwamba maji yanapita, na yatazidi kupita chini ya mpako.

Maji yanayotoka chini ndiyo adui mkubwa wa epoksi, na ni adui asiyeonekana. Zege lina vitundu vidogo sana ambavyo hunyonya unyevu wa ardhi, na sakafu tupu huuachia unyevu huo hewani bila mtu kuutambua. Epoksi ikishapakwa inaziba njia hiyo, maji hukusanyika chini yake yakiwa yamebeba chumvi za saruji, na baada ya miezi sakafu hutokwa na malengelenge ambayo yakitobolewa hutoa maji ya utelezi. Kinga ya kweli ni nailoni nzito inayotandikwa juu ya mawe na moramu kabla ya kumwaga jamvi, ikipandishwa ukutani pembezoni na kupishana vya kutosha katika maungio. Nailoni hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika ujenzi wa nyumba, na inasikitisha kwamba ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana, kwa sababu haionekani na hakuna mgeni atakayeisifu.

Mlimani tatizo lina sura nyingine. Nyumba za Usangi, Chome, Vudee, Suji au Mbaga mara nyingi husimama juu ya kiwanja kilichokatwa kwenye mteremko, na kwa hiyo nyuma ya nyumba kuna ukuta wa udongo ambao maji ya mvua hupita ndani yake kuteremka. Watu wa Upare wa Kusini wanayajua maji hayo tangu enzi za mababu, kwa kuwa ndiva, yale mabwawa madogo wanayoyajaza kisha kuyafungulia mashamba kwa zamu, yamejengwa juu ya ujuzi wa wapi maji ya mlima hutokea na yanakoelekea. Ujuzi huo huo ungefaa nyumbani. Mtaro uliochimbwa nyuma ya nyumba hadi chini ya kina cha sakafu, ukajazwa kokoto na kuelekezwa pembeni, una manufaa kwa sakafu kuliko kopo lolote la rangi, na pasipo mtaro huo chumba kinachoegemea mlima kisipakwe epoksi hata kidogo. Kwa tambarare za mashariki, kama Ndungu ambako mashamba ya mpunga hujazwa maji, tahadhari ni hiyo hiyo, ingawa hapo maji hutoka chini na si ubavuni.

Unyevu huu hupimwa kwa njia ambayo haihitaji maabara. Kipande cha nailoni inayopenyeza mwanga, chenye upande wa sentimita 45, hubandikwa sakafuni kwa utepe imara pande zote nne na kuachwa kwa saa 16 au zaidi, mbali na jua la dirishani. Kikifunuliwa na kukutwa na matone kwa ndani, au zege la chini likiwa limegeuka rangi na kuwa jeusi zaidi kuliko la kando, sakafu haiko tayari. Kipimo hufanywa sehemu kadhaa za chumba, hasa karibu na ukuta wa upande wa mlima na karibu na bafu, na mahali penye mvua za vuli na masika ni busara kukirudia majira ya mvua, kwa kuwa sakafu iliyo kavu mwezi Septemba inaweza kusema mengine mwezi Aprili. Wenye kifaa cha kupima hutumia kiwango kilichozoeleka cha unyevu usiozidi asilimia 4 ya uzito wa zege, na zege jipya huachwa siku 28 kabla ya kufikiriwa kupakwa. Matone ya maji yakidondoshwa juu ya sakafu nayo hueleza jambo: yakinywewa baada ya dakika moja au mbili uso uko wazi, yakibaki yamejikunja kama juu ya jani la mgomba kuna mafuta, nta au niru ambayo haijaondolewa.

Hali ya hewa ndiyo inayowatenganisha fundi wa Same na fundi wa mlimani, na inawatenganisha kwa saa za kazi. Katika joto, muungano wa resini na kigumisho huenda mbio; kwa makadirio yanayotumika, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 kasi huongezeka karibu maradufu, kwa hiyo mchanganyiko unaotoa dakika 40 za kazi penye nyuzi 20 hutoa kama dakika 20 penye nyuzi 30. Ukiachwa umejaa ndani ya ndoo hupata joto lake wenyewe juu ya joto la hewa, na unaweza kuchemka, kutoa moshi na kuganda pamoja na mti wa kukorogea. Humwagwa sakafuni mara tu unapokorogwa, kwa kuwa ukitandazwa joto hutoka na muda wa kazi hurefuka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Zege linapopata joto asubuhi, hewa iliyo ndani ya vitundu vyake hutanuka na kutafuta njia ya kutoka, na ikikuta mpako mbichi huupenya na kuacha vitundu na mapovu kila mahali. Jioni zege linapopoa hewa hiyo hujikunyata na kuvuta mpako ndani ya vitundu, na mshiko unakuwa bora. Ndiyo maana katika Same mjini, Hedaru au Makanya tabaka la kwanza linafaa kuanza mwishoni mwa alasiri, baada ya joto la sakafu kuanza kushuka, madirisha yakiwa yamefungwa upande unakotoka upepo kwa sababu vumbi jekundu likitua juu ya mpako mbichi halitoki tena.

Fundi anayeipeleka kanuni hiyo ya jioni mlimani ataharibu kazi. Hapo jioni ndiyo saa ya ukungu, na epoksi ina neno na umande. Hewa yoyote ina joto fulani ambalo ikipozwa hadi kulifikia mvuke wake hugeuka matone, na joto hilo huitwa joto la umande. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba uso wa sakafu uwe na joto linalozidi joto la umande kwa nyuzi 3 au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mfano wa hesabu unaonyesha tofauti ilivyo kubwa. Mchana wa Same wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 45 una joto la umande la karibu nyuzi 17, na sakafu iko mbali nalo kwa nyuzi nyingi. Jioni ya mlimani yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 90 ina joto la umande la nyuzi 16 na ushei, kwa hiyo maji yaliyomo katika hewa hizo mbili karibu yalingane, lakini sakafu ya mlimani imebakiza nyuzi zisizofika 2 ili ilowe. Mpako ukikutwa mbichi katika hali hiyo, amini iliyo juu ya uso huungana na unyevu na hewa ukaa badala ya kuungana na resini, na asubuhi sakafu hukutwa na utando mweupe wenye mafuta mafuta. Tabaka linalofuata halishiki juu ya utando huo hadi uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kusuguliwa kwa msasa. Mlimani, basi, kazi huanza ukungu wa asubuhi ukishaondoka, na humalizwa mapema ili mpako uwe umeshika kabla ya ukungu wa jioni kurudi. Miezi ya baridi ya Juni na Julai, ambapo epoksi hukawia kukomaa, inafaa kuepukwa.

Aina ya epoksi huchaguliwa baada ya mambo hayo kujulikana. Zipo zinazochanganywa kwa maji, ambazo harufu yake ni ndogo na tabaka lake jembamba huruhusu mvuke kiasi kupita, nazo zinafaa kama tabaka la kwanza au kwa stoo ya nyumbani. Zipo zenye kiyeyusho, rahisi kupaka kwa rola lakini hatari kwa moto na kwa mapafu katika chumba kilichofungwa. Na zipo zisizo na maji wala kiyeyusho, ambazo kila kinachomwagwa hubaki sakafuni. Tofauti hiyo ina maana katika bei. Lita 1 ikitandazwa katika mita moja ya mraba hutoa unene wa milimita 1, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 5 kinachohitaji unene wa milimita 0.3 kitatumia lita 6 za epoksi isiyo na kiyeyusho. Ikiwa nusu ya kopo ni kiyeyusho kitakachopeperuka, zitahitajika lita 12 ili kubakiza unene ule ule. Kopo la bei nafuu mara nyingi linakuwa ghali sakafuni. Kwa miguu ya watu na baiskeli unene huo wa milimita 0.3 unatosha, wakati gereji yenye jeki na vyuma vinavyoanguka inahitaji milimita 2 hadi 3 za epoksi inayojisawazisha yenyewe, au zaidi iliyochanganywa na mchanga safi wa kwatzi.

Kuna mahali ambapo epoksi si chaguo sahihi, hata kama fedha zipo. Barazani hugeuka manjano na baadaye kuwa kama chokaa, kwa kuwa miale ya jua huivunja, na ikilazimika hufunikwa kwa tabaka la juu la poliurethani linalostahimili jua. Katika usindikaji wa vyakula, kama tangawizi inayolimwa kwa wingi Mamba Myamba na kuwa na kiwanda chake huko huko, sakafu hukutana na matope ya kuoshea mizizi, juisi yenye asidi kidogo na pengine maji ya moto. Epoksi za kawaida huanza kulegea joto linapofika kama nyuzi 50 au 60, na maji ya moto yakimwagwa ghafla huzipasua. Kwa sehemu hiyo mpako wa saruji na poliurethani wa unene wa milimita 6 hadi 9 ndio unaofaa, kwa sababu hutanuka na kusinyaa karibu sawa na zege. Epoksi ibaki ghalani na katika chumba cha kufungashia. Na kwa nyumba ya kawaida ambayo niru yake ni nzima, haitoi vumbi wala haijapasuka, hakuna sababu ya kweli ya kuisaga ili kuweka mng'ao, na fedha hizo zingefanya kazi bora katika mtaro wa nyuma.

Kazi yenyewe huanza kwa mashine ya kusagia yenye diski ya almasi. Wengine hutumia tindikali ya hidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji, na wanaoitumia ni lazima wamimine tindikali ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Kwa Same njia hii ina kasoro mbili zaidi ya hatari yake: inadai maji mengi ya kusuuzia, na inarudisha ndani ya zege unyevu uliokuwa umengojewa kwa majuma. Vumbi la kusaga nalo lina silika inayoumiza mapafu bila tiba, kwa hiyo barakoa ya vumbi laini na mashine ya kunyonya vumbi ni sehemu ya kazi, na kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Nyufa zilizotulia hupanuliwa kidogo na kujazwa epoksi yenye mchanga, ila maungio yaliyoachwa makusudi ili zege litanuke yasizibwe kwa mpako mgumu, maana yatapasuka mahali pale pale. Baadaye hufuata praima, ambayo ni tabaka jepesi linalonywewa na zege. Likinywewa lote na sakafu ikabaki na madoa makavu, hurudiwa.

Vimiminika hukorogwa kwa drili ya mwendo wa polepole kwa kama dakika 3, kuta na chini ya ndoo vikikwanguliwa, kisha huhamishiwa kwenye ndoo ya pili na kukorogwa tena, kwa sababu mabaki yaliyoshika ukuta wa ndoo ya kwanza hayajachanganyika, na ndiyo huacha madoa yanayonata katikati ya sakafu iliyokauka. Watu wawili ni wachache kabisa wanaohitajika, mmoja wa kukoroga na mwingine wa kutandaza, na huanza ukuta wa mbali kuelekea mlangoni. Bafuni na ngazini mchanga laini hunyunyizwa ili sakafu iliyolowa isitelezeshe wazee. Tabaka la pili huwekwa ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi kabla ya saa 24 kupita, na muda huo ukipita la kwanza husuguliwa kwa msasa. Miguu huruhusiwa baada ya siku moja, lakini maji, sabuni na magurudumu hungoja siku 7.

Ngozi ya fundi inastahili kutajwa kwa uzito. Resini na hadina mbichi zinaweza kumsababishia mtu mzio ambao ukishaingia haumtoki tena, na fundi aliyeupata hulazimika kuiacha kazi hiyo kabisa. Glovu za nitraili zivaliwe, si za kitambaa, na epoksi iliyogusa mkono ioshwe kwa sabuni na maji. Tina huiyeyusha na kuipenyeza ndani zaidi ya ngozi. Vijana wanaofundishwa rangi vyuoni wanapaswa kulipata somo hili kabla ya kushika rola, na mwenye nyumba anayelipia kazi alipie glovu pia.

Sakafu iliyopakwa vyema hufagiliwa kwa ufagio laini, kwa kuwa mchanga unaoburutwa ndio unaoikwaruza, na mkeka wa mlangoni huisaidia sana katika mji wa vumbi kama Same. Sehemu itakayochubuka hukatwa kwa mraba ulionyooka, husagwa hadi kwenye zege, hupakwa praima na kujazwa kwa tabaka zile zile. Rangi ya kiraka haitalingana na ya zamani, hasa karibu na dirisha ambako jua limeshaigeuza, na mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla fundi hajafungua kopo.